Koti la Isakwisa

"Mama Anyitike, ni kweli yule shemeji yako mlimzika akiwa hai?"

Mwantumu, jirani yangu hapa Ilomba, aliniuliza hivyo tukichambua maharage uani kwake. Asili yao ni pwani, na yeye hana kuzunguka. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Sasa nina miaka hamsini na minne, nimeona niandike.

Isakwisa alikuwa mdogo wa mume wangu, Yotamu. Mwaka 1953 lori la Keya, jeshi la Waingereza, lilisimama sokoni Mbeya, askari wakapiga tarumbeta, vijana wakajiandikisha kwa hiari yao. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Alichotaka ni viatu tu, Mungu anajua.

"Shemeji," alinitania siku ya kuondoka, "nikirudi nitakuletea mume wa Kikenya. Huyu wako hata moto hajui kukoka."

"Nenda zako! Mtu mwenyewe chura tu anakukimbiza."

Wakapelekwa Iringa, kisha Kenya, kwenye misitu ya vita ya Mau Mau. Barua zilikuja mbili, halafu kimya. Vijana wawili wa bonde letu walifia huko, zikarudi nguo zao. Kwetu mtu akifia mbali nguo yake ndiyo inayozikwa, ili naye apate kulala nyumbani.

Juni 1955, katika baridi ile ya kuuma mifupa, nilikuwa natoka shambani na tenga la viazi kichwani. Lori la jeshi likasimama. Akashuka askari mmoja, Jailos Kalinga, Mhehe wa Kilolo. Walikuwa wanakwenda boma la Mbeya kuandikisha wengine.

"Dada, kwa Mzee Asukile ni wapi?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Basi nimefika." Akaniwekea juu ya viazi koti zito la jeshi. "La Isakwisa hilo. Yuko hospitali, mguu umeumia, lakini anakula na anatukana watu. Anasema mama yake alivae, asife na baridi."

Dereva akapiga honi, wakaondoka.

Nilitembea naimba. Kufika kwenye njia ya migombani, huyo baba mkwe mbele yangu. Kwa mila yetu mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, mpaka kufa. Mimi nilikuwa nimebatizwa, lakini miguu yangu ilikuwa bado. Nikatua tenga pale njiani, nikakimbilia migombani, nikainama na kujifunika kanga usoni.

Nikamsikia anasimama. Nikasikia koti likiburutwa kutoka kwenye tenga. Halafu mzee akapiga ukelele ambao mpaka leo ninausikia.

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, na neno ninalo kinywani. Sikulisema. Nilizunguka mbio nimtafute mama mkwe, lakini nilipofika wanawake walikuwa wameshajitupa chini.

"Jamani, yuko hai! Askari amesema yuko hai!"

Shangazi yake akanishika mabega. "Nyamaza, mwanangu. Nani atamtamkia mwanamke msiba barabarani? Wanasemaga hivyo hivyo."

Kesho yake wakachinja ng'ombe wawili, wakalizika koti migombani nyuma ya nyumba. Mama mkwe akanyoa nywele.

Februari akaja mwenyewe, kwa magongo mawili, mguu wa kushoto hana. Mama yake akampapasa uso kama mtu asiyeona. Mzee akaingia ndani akafunga mlango. Isakwisa akautazama ule mlango, akanigeukia mimi.

"Shemeji, nyama ya matanga yangu hamkunibakishia hata mfupa?"

Tulicheka huku machozi yanatutoka.

Mzee hakumpokea. "Mwanangu nimeshamlilia," alisema. "Amelala migombani. Aliyeliliwa hali pamoja na walio hai." Yotamu alimweleza habari za yule askari. Mchungaji naye alimweleza. Akajibu, "Maneno ya kupokezana siyataki. Aliyeyasikia aje ayaseme." Na alijua ni mimi. Wote walijua, ila hakuna aliyethubutu kumwambia mkamwana akaseme na mkwewe.

Isakwisa akakaa kwenye kibanda cha uani, akila peke yake. Mama yake alimletea chakula mlangoni, akakaa naye mpaka amalize. Ikawa hivyo miaka mitatu. Kila jioni baba yake alipoota moto, yeye alisogea akakaa nje ya ukuta, upande wa pili, akisikiliza wenzake wakizungumza.

Mwaka 1959 mzee akashikwa na kifua. Tukajua haamki tena. Ndipo Isakwisa akaja jikoni kwangu akaniomba jambo moja. Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mzee. Nikasimama na kanga yangu usoni, nikimsikia anavyohema. Nikarudi jikoni.

Tulimzika Jumamosi. Watoto wake walitupia udongo kaburini, Isakwisa akabaki kule mbali, ameegemea magongo yake. Hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniita shemeji na kunitania mpaka naye Bwana alipomwita. Nimetubu kanisani, nimetubu nyumbani, na bado.

Mwantumu aliacha kuchambua. "Kwani alikuomba nini?"

Nikamwambia kama Isakwisa alivyosema, akiwa amesimama pale jikoni:

"Shemeji, nakuomba, ingia kwa baba. Mwambie mimi sikufa."