Kameo Kubwa Huitwaje

Kameo ni pambo la kubandika kifuani, na nitalieleza polepole kwa sababu shangazi yangu hakuwahi kunipa nafasi hiyo. Fundi huchukua kombe la baharini lenye tabaka mbili, nyeupe juu na hudhurungi chini, akaichonga ile nyeupe mpaka ibaki sura ya mtu. Mara nyingi huwa ni mwanamke anayetazama upande mmoja, kama aliyesikia jina lake likitajwa kwa jirani. Zipo za mawe pia. Zilizofika kwa wingi sokoni kwetu zilikuwa za plastiki, na hizo nazo nilizipenda. Usione haya kuanza na plastiki. Jicho hujifunza kwa kinachopatikana.

Miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha shule ya msingi karibu na Maua, na Jumamosi zangu ziliishia kwenye mitumba. Wenzangu walitafuta sketi. Mimi nilipekua makoti ya sufu ya vibibi vya Ulaya, maana mengine yalifika bado yana bruchi, pambo la pini, kwenye ukosi.

Shangazi alikuwa na shamba la miraa kule Laare, na binti yake alikuwa anaolewa Runyenjes. Mama wa bwana harusi, ambaye shangazi sasa alimwita mkwe, alikuwa amekuja kwenye mazungumzo ya mahari na mkufu wa dhahabu shingoni. Kila alipoinamia chai, mkufu ulitangulia. Wiki iliyofuata shangazi akaja kwangu.

"Mwalimu, sitaki kinachong'aa," akasema. "Nataka kitu ambacho mkwe mwenyewe ataniuliza ni nini."

Tukaenda sokoni, na katika rundo la tatu tukaliona: koti la kijani, na ukosini mwanamke mweupe, mkubwa karibu kama kiganja cha mtoto. Nikamminya shangazi mkono. Kanuni ya kwanza ya kununua bruchi ni kutoitazama. Tazama bitana, uliza habari za vifungo, lalamika kuhusu mikono. Shangazi alijitahidi kupita kiasi. Alinusa makwapa ya koti, akatikisa kichwa, akauliza kama mwenyewe alikufa ndani yake.

Muuzaji akamwonea huruma. "Naona hiki kichuma kinakusumbua, mathe. Ngoja nikitoe nikitupe, koti libaki safi."

Shangazi akapaliwa na mate. "Kiache tu. Nitafungia gunia."

Tulipofika kando ya barabara nilimwonyesha jinsi ya kuitambua. Iinue juani: kombe halisi hupenyeza mwanga, na ule uso huonekana hata ukiwa nyuma yake. Tazama pini: za zamani huwa ndefu, zinapita ukingo. Tazama pua.

"Pua ndefu iliyonyooka mara nyingi ni ya zamani," nikamwambia. "Hizi za siku hizi zina vipua vya kitoto."

Shangazi akajigusa pua yake. "Basi mimi ni wa zamani kabisa."

Kipimo cha mwisho ni meno. Unaigusisha polepole kwenye meno ya mbele. Kombe ni baridi na gumu. Plastiki ina uvuguvugu, kama kitana.

"Meno yangu yametafuna miraa miaka mingi," akasema shangazi. "Hayawezi kutoa ushahidi. Mwite yule."

Yule alikuwa dereva wa pikapu ya miraa, jirani yake wa Laare, aliyekuwa akisubiri mzigo. Sijui shangazi alidhani meno yake yeye yametafuna nini. Alipokea bruchi, akaiweka kwenye meno kama nilivyomwelekeza, kisha mazoea yakamshinda: akaisukuma shavuni na kuanza kutafuna.

"Tema," shangazi akamwambia.

Akaitema, akaipangusa kwa shati, akafikiri. "Ni baridi. Lakini haina handasi," akasema, akimaanisha ule uchangamfu wa miraa.

Kwa hiyo ilikuwa ya kweli. Shangazi akauliza jina lake, nikamwambia kameo. Uso ukamshuka. Nyumbani kwetu neno likianza na ka-, mara nyingi kinachotajwa ni kitu kidogo; ki- ndiyo ya kitu kikubwa.

"Kameo? Hiki ni kadogo?"

"Si udogo, Tata," nikamwambia, kama tunavyowaita shangazi kwetu. "Ni jina lake tu."

"Nimenusa makwapa ya marehemu kwa ajili ya kitu hiki. Kikubwa hivi ni kimeo."

Nikamweleza, kwa upole wangu wote, kwamba Kiswahili tayari kina kimeo, nacho ni kile kijinyama kinachoning'inia kooni, ambacho kikivimba mtu hukohoa na wengine hukimbilia kukikata. Akanijibu kwamba hicho ni cha Waswahili.

Dereva angepita Runyenjes alfajiri akielekea Nairobi, na mkwe alikuwa na duka kando ya barabara. Shangazi akampa ujumbe kwa Kiswahili, kwa kuwa Kimeru chetu cha milimani na Kiembu chao ni ndugu wasiosikilizana vizuri wakiwa na haraka. "Mwambie mkwe, nitakuja harusini na kimeo kikubwa, cha zamani sana."

"Hakuna shida, mathe."

Siku ya harusi shangazi alishuka Runyenjes akitanguliza kifua. Mkwe akatukimbilia na shali nzito. Kabla ya salamu alikuwa amemzungushia shingoni, na ncha zake zikaifunika kameo yote.

"Usiongee, mkwe," akasema. "Upepo utaingia."

Watu walipakuliwa pilau, shangazi akaletewa uji. Alipoishusha shali kidogo, mkwe aliipandisha. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba mama wa bibi harusi hatatoa nasaha, kwa sababu ya koo. Shangazi akanitazama, nami nikautazama uji.

Ndipo mkwe alipokuja na tochi. "Fungua mdomo nikione. Na usiogope, nimemleta mtu wa kukikata. Amekata vingi."

Nyuma yake mwanamume mmoja akainua kofia kwa adabu.

Shangazi akaivua shali yote. "Hakikatwi," akasema, akipiga kifua. "Kimeo ndicho hiki."

Mkwe akaimulika kameo kwa tochi mchana kweupe. "Hiki ndicho cha zamani sana?"

"Ndicho."

"Na hakiumi?"

"Kinachoma kidogo, kwa nyuma."

Mkwe alianza kucheka mabegani kabla sauti haijatoka. Alipomaliza kujipangusa macho, akaisogelea kameo, mkufu wake ukining'inia bila kutazamwa na yeyote. "Sasa, mkwe, kwani hiki ni nini?"

Nilifungua mdomo nieleze, nikaanza na kombe la baharini. Shangazi akaninyamazisha kwa mkono, akabandua kameo na kumpa.

"Weka kwenye meno," akasema.

Picha ya siku hiyo ninayo. Shangazi amekaa wima, kifua bila pambo, mkono mmoja juu ya bakuli la uji. Kameo iko mdomoni mwa mkwe, aliyefumba macho akipima ubaridi, na shangazi anamtazama kama mwalimu anayesubiri jibu ambalo tayari analijua.