Kompyuta Iliyojiwasha Umeme Ukirudi

Mume wangu alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kompyuta yake ilibaki chini ya meza katika chumba cha mbele, na kwa muda mrefu sikuitumia. Iliwaka yenyewe. Kila umeme ulipokatika na kurudi, nikiwa jikoni au kwenye msala, nilisikia feni yake ikianza: kwanza mkoromo, kama mtu anayesafisha koo, kisha mvumo mrefu. Alipokuwa hai, mvumo huo ulifuatwa na sauti yake: "Umeme umerudi! Chai iko wapi?" Nami nilijibu, "Nakuja."

Baada ya mazishi niliendelea kujibu. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata nyuma, na nilipofika mlangoni nilikuta kioo kinatoa mwanga wa buluu mbele ya kiti kitupu.

Nimefundisha wasichana dini hapa Old Kampala tangu nikiwa msichana mwenyewe. Nawaambia kila mara kwamba aliyekwenda amekwenda, na kinachomfikia ni dua zetu. Naamini hivyo kwa moyo wote. Hata hivyo sikuwahi kuingia kuizima kwenye swichi ya ukutani kabla ya kusoma Ayatul Kursi mlangoni, wala sikukikalia kiti kile.

"Hajati, hayo ni majini," aliniambia jirani yangu siku moja alipoisikia ikianza. "Fukiza ubani, au iuze Wandegeya kwa wanafunzi."

"Majini watafanya nini humo? Kusoma hesabu za pensheni?"

Alicheka, lakini hakuvuka kizingiti.

Nilianza kuitumia nilipoona karatasi zangu za masomo zimechakaa, nikataka kuziandika upya kabla macho hayajanishinda. Niliweka kigoda changu kando ya kiti chake, nikaandika kwa vidole viwili. Lakini mashine ilikuwa nzito. Ukurasa mmoja ulifunguka kwa kusuasua, kisha sanduku lake lilipata moto na kuzimika ghafla, na nilichoandika kikapotea. Ilibidi itengenezwe. Na niliogopa jambo moja tu: kwamba ikitengenezwa itanyamaza.

Fundi alikuwa Mkongomani, mtu mzima mwenye kibanda Wandegeya. Alipotaka kuketi nilimsogezea kigoda upesi, naye akaelewa bila kuuliza. Alivuta sanduku, akafungua ubavu wake, akarudi nyuma.

"Yesu wangu! Mama, humu ndani munafuga kondoo?"

Vumbi lilikuwa limejikunja kwenye feni kama sufu.

"Nyumbani humu mwite Mungu, mwanangu."

"Basi Mungu, Mama. Lakini kondoo ni wenu."

Alisema memori ilikuwa ndogo mno kwa kazi yangu. Kijibao cha memori alichokuja nacho mfukoni hakikuingia: ukingoni mwake kuna pengo dogo, na ndani ya tundu kuna kijino, na viwili hivyo havikukutana. Nilimwambia asukume kidogo.

"Hapana, Mama. Ukilazimisha unavunja. Hii ni ya mashini za sasa. Yako ni ya zamani, inataka ya rika yake."

Kesho yake alirudi na memori mbili za zamani na feni mpya, kubwa kama sahani ya chai. Alichomoa betri ndogo iliyofanana na sarafu, akaipangusa, akairudisha. Akapima feni ile kubwa juu ya ubao wa ndani ya sanduku, akaigeuza huku na huku, akakuna kichwa.

"Sasa chagua, Mama. Feni hii hutaisikia hata kidogo, lakini inalala juu ya tundu la kwanza, kwa hiyo memori itaingia moja tu. Ama nisafishe hii ya zamani, niweke memori zote mbili, na kelele ubaki nayo."

"Weka ya zamani." Nilisema haraka mno.

"Watu wote wananilipa niwatolee kelele."

"Mimi si watu wote."

Aliisafisha kwa brashi, akatia tone la mafuta, akapaka dawa mpya ya kupoza chini yake. Ilipowashwa haikukoroma tena. Ilipumua tu, taratibu, kama mtu aliyelala vizuri baada ya homa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Niliandika masomo mawili mfululizo na sanduku halikupata moto.

Siku chache baadaye umeme ulikatika mchana. Ulirudi nikiwa nimemaliza Magharibi. Mtaa ulipiga kelele za furaha, friji ikatikisika, taa ya barazani ikawaka. Chumba cha mbele kilikuwa kimya.

Nilibaki kwenye msala nikisubiri. Neno lilikuwa tayari mdomoni na halikuwa na wa kumwendea. Nilimzika mume wangu kwa mikono ya watu wengi, mbele ya macho yangu, na sikutoa sauti. Jioni ile nililia kwa sauti.

Nilimpigia fundi. "Umeiua."

"Haijafa, Mama! Kulikuwa na amri ndani yake: umeme ukirudi, jiwashe. Nilipochomoa ile betri amri ikafutika. Mashini kama hizi haziji hivyo. Kuna mtu aliiweka kwa mkono wake. Wewe bonyeza kitufe tu."

Kitufe kiko chini kabisa mbele ya sanduku, nyuma ya mguu wa meza. Niliinama, mgongo ukakataa. Nikapiga magoti, na magoti yakaniuma hadi nikashika kiti chake kwa mikono yote miwili, nikabaki pale chini nikihema. Ndipo nilipojua kwa nini mume wangu aliiweka amri ile.

Alikuwa polisi, mtu wa kaskazini. Baada ya vita vya themanini na sita, serikali aliyoitumikia ilipopinduliwa, alirudi nyumbani kwetu Kampala kwa miguu, na habari za njia ile hakuzisimulia hata kwangu. Magoti yake yalivimba kama mabuyu. Baadaye alisema yamepona, na kila mwaka alisema yamepona. Alipoanza kuswali juu ya kiti nilimuuliza, akanicheka: "Mungu ameniruhusu kiti, wewe unaninyima?" Nami nikaacha kuuliza. Mtu huyo hakuweza tena kufikia kitufe kile, na badala ya kuniita niiname kwa niaba yake, aliifundisha mashine isimhitaji. Kisha akaniita kwa ajili ya chai.

Fundi alikuja tena, akairudisha amri ile.

"Sasa itajiwasha, Mama. Usiogope."

"Sikuwahi kuogopa hilo," nilimwambia.

Umeme ulipokatika tena na kurudi, nilikuwa katikati ya dua. Niliisikia ikianza chumba cha mbele, ikipumua. Sikuitika. Nilibaki nimeinua mikono, nikayaombea magoti yake, njia aliyoipita na yote aliyoyaficha, bila haraka, mpaka nikamaliza. Kisha nikachemsha chai, nikaenda kuandika. Kigoda nilikisogeza ukutani, nikakaa kwenye kiti chake.