Masizi ya Nyota Niliyoyafuata Mbozi

Niliondoka Ndalambo kwa sababu ya masizi. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya kanisa, na katika gazeti kuukuu nilisoma kwamba nyota ikikaribia kufa hutoa moshi, masizi yake yakatapakaa angani. Nikawafundisha watoto. Mzee Simbeye, mzee wa kanisa, akasema mbingu za Mungu hazina masizi. Nilete ushahidi kabla ya Jumapili ya pili, la sivyo nifungashe virago. Tulikaa nyumba ya shule, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nikaamua kwenda kumega kipande cha kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma lililoanguka kutoka juu, nikitumaini limebeba masizi hayo.

Hadi Tunduma nilitembea siku mbili. Shemeji yangu, mchuuzi wa samaki wa pande zote mbili za mpaka, alinicheka mpaka akakaa chini, kisha akanitafutia lori lililokuwa likifuata kahawa.

Ihanda, karibu na kimondo, nilishuka mwekundu kwa vumbi. Kesho yake asubuhi mhunzi mmoja aliniazima nyundo, akanipeleka kilimani. Nilikigonga kimondo hadi jua la utosi. Kilichomeguka ni nyundo, na mhunzi hakufurahi.

Mchana ule, jikoni kwake, nilimweleza mkewe, Mama Ana, kwamba hata mimi nimeanza kushuku. Nyota ni moto mkali. Masizi yatoke wapi? Alinyoosha mwiko kwenye paa jeusi.

"Mwalimu, masizi hayakai kwenye moto. Moshi ukipanda, ukapoa, ndipo yanashikana. Kwenu mnapikia wapi?"

Niliona aibu. Gazeti lilihitaji kurasa mbili kusema hilohilo: chembe hugandamana mbali na nyota, kwenye ubaridi. Mhunzi, kwa kunihurumia, akanipa kipande cha mavi ya chuma, taka inayobaki chuma kikiyeyushwa, kutoka tanuru la babu yake, cheusi, chenye matundu, kiwe ukumbusho.

Jumapili, nimerudi Ndalambo, Mzee Simbeye alikiona kanisani mkononi mwangu kabla sijasema neno. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, machozi yakamlenga.

"Kinanuka moshi kweli. Mwalimu, utusamehe."

"Mzee, hayo ni mavi ya chuma tu. Ushahidi uko kwenye paa la jiko lako."

Alinishika bega, akawageukia waumini. "Mnaona unyenyekevu wake?"

Kazi nikabaki nayo. Kipande kilifungwa kitambaa cheupe, kikawekwa kabatini karibu na kikombe cha meza ya Bwana. Binti yetu alipozaliwa, mzee alikileta nyumbani ambariki nacho. Nilijifunza kuinamisha kichwa, maana ningekiinua ningeliona paa letu, jeusi tii.