Mkutubi Aliyekataa Viungo Vyake Viuzwe

Milango ya maktaba bado imefungwa, lakini mkutubi ameshakaa mbele ya kompyuta, anafungua tovuti moja baada ya nyingine. Ya kwanza inafunguka sawasawa. Ya pili inazunguka, kisha inaleta tangazo la kamari. Anasonya, anaifuta.

"Jana hii ilikuwa ya mitihani," anamwambia mwandishi wa gazeti hili bila kugeuka. "Ukilala, wenzako hawalali."

Wasomaji humwita Mama Viungo, utani uliozaliwa siku mgeni aliyesikia habari za viungo vyake alipofika mapokezi kuulizia bei ya bizari, akidhani ni vya kupikia. Viungo vyake ni vya mtandaoni: anwani za tovuti anazozikagua, anaziandikia maelezo mafupi na kuziweka kwenye ukurasa ulio wazi kwa kila mwenye simu. Humo mna mitihani ya zamani, haki za wapangaji, matunzo ya wagonjwa.

Alianza baada ya dada yake kutolewa vyombo nje na mwenye nyumba, bila kujua kwamba sheria ilikuwa upande wake.

"Sheria ilikuwepo mtandaoni siku zote. Nani angemwonyesha ilipo?"

Mwaka huu, meneja wa maktaba aliukabidhi ukurasa huo kwa kampuni ya matangazo ili alipwe. Mama Viungo hakuambiwa neno. Alijua siku mama mmoja mwenye binti anayeugua kifafa alipoingia kwa hasira, akamwekea simu mezani.

"Dada, hii si ndiyo uliyonipa wewe?"

Maelezo yalikuwa yaleyale, ya kumhudumia mgonjwa wa kifafa. Lakini ukibonyeza, unafika kwenye duka la dawa ya maji inayodaiwa kuponya kabisa. Mama huyo aliinunua, akamwachisha binti vidonge vya hospitali. Binti akaanguka jikoni, akaungua mkono.

"Niliamini kwa sababu ni maktaba," anasema mama huyo. "Ingekuwa barabarani ningepita zangu."

Mama Viungo alipanda ngazi hadi ofisini kwa meneja.

"Mbona unapandisha sauti, mama? Ni viungo tu vile," alijibiwa.

"Mtoto ameungua, bosi. Nenda ukamwambie yeye kwamba ni viungo tu."

Siku hiyohiyo alifungua ukurasa mpya kwa bando lake mwenyewe, akabandika mlangoni onyo kwamba ule wa zamani usitumike. Meneja akalibandua. Mama Viungo akabandika jingine, akapewa barua ya onyo. Basi wasomaji wakaanza kubandika wenyewe, hadi chooni.

Wazazi waliosikia habari za binti yule wakaibana bodi ya maktaba, nayo ikavunja mkataba na kampuni. Meneja bado yupo kitini. Alipoulizwa na gazeti hili, alisema "mapungufu madogo yameshashughulikiwa."

"Madogo?" Mama Viungo anauliza, na kwa mara ya kwanza anageuka kutoka kwenye kompyuta. "Aje autazame ule mkono."

Sasa anaidai bodi kanuni: kiungo chochote kisibadilishwe mpaka mkutubi na msomaji mmoja wakikague.

"Sitaki waniombe radhi. Nataka kesho akija meneja mwingine mwenye tamaa, akute mlango umefungwa."

Mama wa yule binti ndiye msomaji wa kwanza kujitolea kukagua upande wa afya. Milango inapofunguliwa, anaingia, anavuta kiti karibu na mkutubi na kuvaa miwani.

"Haya dada," anasema. "Leo tuanze na pumu."