Simu Niliyoisaini Mimi Ndiyo Iliyomtolea Mume Wangu Mahari

Admin, naomba jina langu ulifiche na mtaa usiutaje, maana waswahili wa hapa Johannesburg tunajuana na ukurasa huu tunausoma wote.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba. Mama yangu ni mtu wa Morogoro, baba alikuwa wa huku, alikimbilia Tanzania enzi za ubaguzi na akarudi nasi nikiwa mdogo. Kwa hiyo Kiswahili nilipewa na mama, kitambulisho nilipewa na baba. Nakaa kaunta kwenye duka la dawa hapa mjini. Miaka kumi sasa naishi na mwanaume wa Bukavu, Kongo, fundi wa suti, na tuna binti, Neema (si jina lake), ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kizulu.

Nyumbani kwetu kila kitu kina jina langu. Mwenzangu ana karatasi ya ukimbizi, na ukiingia nayo kwenye duka la simu wanakuangalia tu mpaka utoke mwenyewe. Basi nyumba nimepanga mimi, intaneti mimi, simu za mkataba mimi. Sikuwahi kuona ubaya, ndivyo tunavyoishi wengi.

Mwaka huu kampuni ya simu ikanitumia ujumbe kwamba naweza kuchukua simu mpya kabla mkataba haujaisha, miezi iliyobaki wataiingiza kwenye mkataba mpya. Mimi simu yangu haina hata ufa, nikataka kuufuta ujumbe. Yeye akasema, "Mama Neema, usifute. Baba yangu macho yamechoka. Tumchukulie ile ya kioo kikubwa, wewe ubaki na yako."

Nani angekataa? Tukaenda. Dada wa dukani akaniuliza mara mbili kama nina hakika, maana nilikuwa najifunga upya miaka mitatu. Nikasaini. Nikanunua na kava la buluu, nikakuza maandishi kwa ajili ya mzee, nikaweka namba yangu humo asihangaike kunitafuta. Mtu aliyekuwa anarudi Bukavu akaibeba.

Jumapili moja napiga pasi sare ya Neema, namba ya Kongo ikaita. Sauti ya mzee. Baba mkwe nilikuwa nimeongea naye mara chache tu, tena laini ikikatika, kwa hiyo nikajua ni yeye. Nikamwamkia, nikauliza macho yanaendeleaje.

"Macho yangu ni mazima, mwanangu," akasema. "Miye ni baba ya bibi harusi. Niliona namba yako ndani ya hii simu, nikauliza ni ya nani. Bakaniambia ni ya dada yake bwana harusi, njo yeye alitoa simu. Aksanti sana. Mahari yote tulipokea, bitenge, mbuzi, na hii simu yangu. Sasa binti yetu ni wa kwenu."

Akamtaja bwana harusi kwa jina lake na la babake. Ni mume wangu.

Wanaojua mila za Kongo hawatashangaa. Bwana harusi si lazima awepo. Wakubwa wa ukoo wanapeleka mahari kwa niaba yake, na yeye yuko zake Johannesburg kwenye cherehani. Mimi nilimwambia mzee, "Karibu, baba." Nikamaliza kupiga pasi. Nikapika. Sikulia, na mpaka leo sijalia, hata najishangaa.

Aliporudi nikamwuliza huku namwekea chakula. Hakukana. "Ni familia njo ilitaka. Mama anataka mke wa nyumbani. Wewe hukukosea kitu."

Nikamwuliza kwa nini nimekuwa dada yake.

"Ningesema nini? Ule mzee ni mutu wa kanisa. Hawezi kumpa binti yake mwanaume mwenye mke."

Nikamwambia mke anaye. Akasema, taratibu kabisa, kwamba mimi na yeye mahari hatujafanya, kwa hiyo mbele ya wazee hajadanganya mtu. Ni kweli kwetu Morogoro hakukanyaga. Kila mwaka nilipomkumbusha alisema tuko ugenini, mahari itasubiri. Kumbe iliyokuwa inasubiri ni yangu tu.

Na huyo binti anakuja, anatafutiwa njia. Atafikia wapi? Kwangu. Ameambiwa kwa kuanzia atakaa kwa wifi yake, na ameshatuma salamu kwa Neema, mtoto wa wifi.

Mwenzangu wa kazini anasema nipige simu kampuni niseme imeibwa, waifunge, maana iko kwa jina langu. Naweza. Lakini mzee wa watu hajaniibia, na huyo binti hajui kitu. Nikimweleza mzee ukweli, atamrudisha binti yake, na baba Neema amesema nikivunja ile ndoa, yetu nayo imekwisha. Anasema kama vile yetu ipo. Mimi nasikiliza tu, sihisi hasira, sihisi wivu, ni kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Shida ni kwamba mzee ananipenda. Kila Jumapili akitoka kanisani ananipigia kwa simu ile ile. Ananiuliza nimekula nini, Neema anasomaje. Aliniuliza baba yake Neema yuko wapi, nikageuza mazungumzo, akadhani nimeachwa. Tangu siku hiyo ananiombea. Jumapili iliyopita kaomba kirefu, Mungu anipe na mimi bwana muzuri, mwenye heshima, kama huyu kaka yangu. Mume wangu alikuwa kaketi pembeni yangu, anasikia kila neno. Akainamisha kichwa, akasema amina.

Nishaurini jamani, keshokutwa ni Jumapili na mzee atapiga. Nimwambie mimi ni nani, au nianze kumtandikia wifi kitanda?