Sifa za matangani zilivyomfunga mikono muuguzi wa Seme

Saa moja asubuhi, mafuta yanachemka kwenye karai na Perusi Nyanjige anageuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki baada ya minofu kupelekwa viwandani. Moshi wa kuni unampiga machoni, naye wala hapepesi. Nyuma yake, katika ufuo wa Kaduong' huko Seme, boti zinapakua na wanawake wanagombania nafasi ya kwanza.

Mama mmoja kijana anafika akiwa na mtoto mgongoni. Hakuja kununua samaki. Anamfungua mtoto na kumsogeza mbele.

"Nyar Tanzania," anamwita kwa Kijaluo, yaani binti wa Tanzania, "hebu mguse tu kichwa. Amekuwa na joto tangu jana."

Perusi anaingiza mikono yote miwili chini ya aproni. Anamtazama mtoto kwa mbali: macho, midomo, namna mbavu zinavyopanda na kushuka.

"Mpeleke hospitali ya Kombewa, mama," anasema. "Sasa hivi, usipitie nyumbani. Na umnyonyeshe njiani."

Mama anaondoka akinung'unika. Mikono ya Perusi inabaki chini ya aproni mpaka samaki wanaanza kuungua.

Mikono hiyo ilifanya kazi miaka tisa katika wodi ya wazazi mjini Musoma, upande wa pili wa Ziwa Victoria. Perusi, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni muuguzi na mkunga aliyesomea Tanzania. Hapa Kenya ni muuza samaki, na siku ikiwa njema hurudi nyumbani na shilingi mia sita.

Alikuja kwa sababu ya mapenzi, na hilo haoni haya kulisema. Dalmas Oluoch, fundi wa injini za boti, alikwenda Musoma kutengeneza mashine moja akakaa miezi minne. "Mashine yenyewe iliharibika kidogo tu," Perusi anacheka. Kicheko hicho ndicho cha pekee utakachokisikia kwake siku nzima.

Alidhani uuguzi ni uuguzi na ziwa ni lile lile. Akaambiwa, na hapingi, kwamba kila nchi hupima wauguzi wake. Vyeti vyake vilipelekwa kukaguliwa. Baraza la wauguzi la kwao lilitakiwa kuthibitisha kwamba hakuwahi kufanya kosa kazini. Chuo chake kilitakiwa kueleza alifundishwa nini na kwa saa ngapi, na chuo chenyewe kilikuwa kimeunganishwa na kingine. Kilichobaki kilikuwa kusubiri.

Jibu lilikuja baada ya miaka miwili. Elimu yake ilikubaliwa. Angefanya mazoezi ya miezi kadhaa hospitalini chini ya uangalizi, kisha mtihani, kisha asajiliwe. Hadi hapo, asimhudumie mgonjwa yeyote. Nafasi ya mazoezi ilipatikana kwa mwaka uliofuata, na Dalmas akamnunulia viatu vyeupe.

Tatizo ni kwamba wanawake wa Kaduong' hawakungoja mwaka uliofuata.

Wa kwanza alikuwa Maryanne, mkaza mwana wa Beldina Ajwang, jirani yake Perusi. Mvua ilikuwa imekata barabara na uchungu ulikuwa umekwisha kukolea. Beldina alimvuta Perusi kwa mkono kutoka jikoni. Mtoto wa kike akazaliwa salama, akalia, na habari zikatembea ufuo mzima kabla ya kitovu kukauka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji wa Kaduong' walipona kweli. Walikuja wenye mimba, wenye vidonda, wenye watoto waliolegea kwa kuhara. Wengine aliwarudisha. Wengine, anakiri, alishindwa kuwarudisha. Hakuwahi kuchukua hata sarafu, maana kuchukua pesa, kwa hesabu zake, ndiko kungekuwa kosa.

"Nilijidanganya," anasema. "Nilijiambia mimi ni jirani tu ambaye anajua mambo. Lakini jirani hajui kupima mapigo ya moyo ya mtoto tumboni, jamani. Nilijua ninachofanya."

Kisha akafa mzee Mathews, mume wa Beldina. Sukari ilikuwa imemla mguu, na kwa miezi mingi Perusi ndiye aliyemsafisha kidonda kila jioni.

Asiyejua matanga ya kandokando ya ziwa aelezwe kidogo. Huzikwi kimyakimya huku. Hema husimamishwa, vipaza sauti hufungwa kwenye miti, na kila mwenye neno hupewa nafasi yake. Aliyemtendea marehemu wema husimamishwa mbele za watu na kusifiwa mpaka jasho limtoke. Kumpita mtu kama huyo ni aibu kwa boma zima.

Beldina alipokabidhiwa maikrofoni, alimtafuta Perusi kwa macho.

"Nyar Tanzania, simama! Simama watu wakuone! Huyu ndio daktari yetu. Mguu ya Mzee ni yeye alikuwa anaosha. Watoto ya hii beach, kumi na tisa, ni yeye alizalisha, na hajawahi kuitisha kitu. Wamama, si mko hapa? Semeni kama nadanganya!"

Hawakusema anadanganya. Wanawake walisimama, wengine wakiwainua juu watoto wenyewe. Vigelegele vikapasua hema. Perusi anasema alitamani ardhi ipasuke, tena si kwa haya.

Kwenye viti vya wageni alikaa Bwana Wechuli, afisa wa afya aliyekuja kumzika mzee kama mtu mwingine yeyote. Alingoja chakula kiishe. Ndipo akamwendea Perusi, akamwamkia kwa adabu, akamuuliza amesajiliwa wapi.

Ni rahisi kumchukia Wechuli, na wengi ufuoni wanamchukia. Lakini ukimsikiliza, naye ana lake.

"Mwaka juzi tulimfukua mama mmoja aliyezalishwa na mtu aliyejiita nesi," anasema. "Nesi huyo alikuwa ameshona mifuko ya unga maisha yake yote. Huyu wenu anaweza kuwa mzuri, sijui. Nitajuaje kabla hajapimwa? Nikisikia kwa masikio yangu halafu ninyamaze, basi yule wa mifuko ya unga pia nimnyamazie."

Alitoa taarifa. Mazoezi ya hospitalini yakasimamishwa, na Perusi akaonywa kwamba akimgusa mgonjwa tena atashtakiwa. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Hapa hapakuwa na punda. Palikuwa na mjane aliyeshukuru kwa moyo wake wote, na hilo ndilo linalouma.

"Sisi huku mtu akikutendea mazuri unasema watu wakisikia," Beldina anasema, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Ukinyamaza wataona wewe ni mtu mbaya. Ningejua aje kama mdomo yangu inamfunga?"

Mwezi uliopita Maryanne alishikwa na uchungu tena. Mvua nayo ilikuwa imerudi kufanya kazi yake, daraja dogo limekwenda na maji na gari la wagonjwa halikuweza kupita. Walipomfunua, kilichotangulia hakikuwa kichwa. Yalikuwa makalio.

Perusi alisimama mlangoni, mikono chini ya aproni. Aliwaambia wamlaze ubavu, wasivute, wamwite Griffins wa bodaboda apitie njia ya juu. Maryanne alimtazama tu. Beldina ndiye aliyepiga magoti.

"Nyar Tanzania, tafadhali. Ni mimi nilikosa, si mtoto."

"Sikuingia," Perusi anasema. "Wa makalio nimewazalisha Musoma, wengi tu. Najua mkono unaingia wapi na lini. Nilisimama nikafikiria viatu vyangu vyeupe."

Mtoto alikufa njiani kabla ya Kombewa. Alikuwa wa kiume. Alizikwa nyuma ya nyumba, na safari hiyo hapakuwa na kipaza sauti.

Hakuna aliyemlaumu Perusi, angalau si mbele yake. Beldina bado humwamkia kila asubuhi. Perusi anasema angepata nafuu kama angetukanwa.

Siku ya Alhamisi ataitwa mbele ya jopo mjini Kisumu kujibu swali moja: je, amewahi kumhudumia mgonjwa nchini Kenya bila usajili? Akionekana hana hatia, ataruhusiwa kuanza mazoezi. Akikiri, huenda mlango ukafungwa kabisa.

Ufuo umeshajipanga. Wachunguzi walipokuja wiki iliyopita, waliambulia patupu. Wanawake wale wale waliopiga vigelegele waliapa kwamba hawajui daktari yeyote.

"Huyu?" Beldina aliwauliza, akimnyooshea kidole Perusi karaini. "Huyu ni wa samaki. Hiyo siku ya matanga nilikuwa na uchungu ya bwana yangu, sijui nilisema nini."

Pembeni yake alisimama binti wa kwanza wa Maryanne, aliyezaliwa mikononi mwa Perusi, akila kichwa cha samaki. Perusi aliyasikia yote na akaendelea kukaanga.

Dalmas anataka akane. "Kijiji chote kimeshakusaidia," anamwambia. "Kwani kusema hapana inakuuma wapi?"

"Hapa," anajibu mkewe, lakini haonyeshi ni wapi.

Jumatatu hii, jua likiwa limepanda, Maryanne anakuja kununua samaki. Anatembea taratibu, mkono mmoja umekumbatia kifua. Perusi anamchagulia kipande chenye nyama. Maryanne hakipokei.

"Maziwa imekataa kuisha," anasema kwa sauti ya chini. "Mwili haijui mtoto hayuko. Hii upande imekuwa mawe. Lakini najua huwezi. Niambie tu nikifika Kombewa niseme nini."

Perusi anaitazama barabara. Anamtazama mwandishi mwenye kalamu aliyeketi kwenye kreti. Kisha anaondoa karai motoni, anafungua aproni na kuitundika msumarini. Ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, polepole, kati ya kidole na kidole.

"Kaa hapa, mama," anasema, na kumweka mkono begani kwanza, kabla ya popote pengine.

Maryanne analia. Ni kilio ambacho hakukilia kaburini, wanasema waliokuwepo. Perusi anaweka kitambaa cha maji ya moto, anabonyeza, anasikiliza kwa vidole. Usaha haujaanza. Anamwonyesha namna ya kukamua kidogo tu, kupunguza maumivu, asiyaite maziwa mengine. Homa ikipanda, Griffins ampeleke hospitali bila kungoja.

Akimaliza anarudisha karai motoni. Anaulizwa kama afadhali jambo hili lisiandikwe.

"Andika," anasema. "Bado nataka ile kazi. Nataka kusimama wodini Kombewa na jina langu kifuani, nizalishe mchana kweupe. Nitaiomba Alhamisi, na wakininyima nitaiomba tena. Lakini wakiniuliza kama nimewahi kumgusa mgonjwa, nitawajibu ndiyo. Nitawaambia mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu."