Taa zote ziliwaka, mtandao ukalala

Leo nimefokea watu wa intaneti nusu saa, kumbe mwenye makosa ni mama yangu.

Alitoka Gatuanyaga asubuhi kuja kuona saiba yangu, duka langu la intaneti, hapa Gatongora. Nikamwacha akipanguza vumbi.

Ghafla kompyuta zote nane zikakwama. Na kuna dada alikuwa anatuma maombi ya kazi, mwisho saa sita!

Nikapiga simu, nikafoka. Halafu nikaangalia swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote. Taa zinapepesa kama wazimu. Waya mmoja umechomekwa ncha zote mbili kwenye vishimo vyake, kwa hivyo ujumbe unatoka, unarudi, unazunguka tu mpaka kompyuta zinakosa nafasi.

"Mum, ni wewe?"

"Si huo waya ulikuwa unaning'inia? Na hicho kishimo hakikuwa na taa. Nikakionea huruma."

Nikachomoa. Mtandao ukarudi. Dada akatuma, zikiwa zimebaki dakika nne.

Lakini aki, vile mama alitazama kile kishimo cheusi!

Nimekichomekea printa mbovu. Haichapi kitu, lakini taa inawaka.

Nyinyi mnaocheka, mama zenu mmewawashia nini leo?